Taulo la Harlin

Mimi ndiye niliyewapa watu wa filamu nyimbo, na mimi ndiye niliyedai jina. Nasema mapema, mtu asije akadhani namlaumu yule mwigizaji peke yake. Constanza Leyva alifanya kazi yake, tena aliifanya vizuri kupita kiasi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Naitwa Nicasia. Hapa Puerto Jagua, kando ya mto San Juan, mtu akifa wanakuja kuniita mimi kabla ya padri, kwa sababu padri anakaa mbali na sauti yangu inafika ng'ambo. Tunaimba siku tisa. Tunamjengea marehemu kaburi sebuleni kwake, si la udongo, ni ngazi za mbao zilizofunikwa shuka nyeupe, juu yake kipepeo mweusi wa kitambaa, chini glasi ya maji, maana roho nayo inashikwa na kiu. Siku ya tisa, saa kumi na moja alfajiri, tunalibomoa. Shuka moja, mshumaa mmoja. Shuka nyingine, mshumaa mwingine. Watu wanajigawa pande mbili kuacha njia, mlango unakuwa wazi, na mama mtu au mke mtu anamwambia marehemu aende. Basi anaenda. Baada ya hapo yeye hana ruhusa ya kurudi na sisi hatuna ruhusa ya kumwita.

Delmira hakukubali kumfanyia mwanawe hayo. Harlin alikuwa mtoto wake wa pekee, na mimi nilikuwa mama yake wa ubatizo. Alipofika miaka kumi na tisa alipanda mto kwenda kuzamia dhahabu, na mto ukamkatalia kutoka. Tulitafuta siku kumi na moja. Tulipata kofia yake.

"Tumjengee kaburi, mama Harlin," nikamwambia. "Hata bila mwili. Watu wanafanya."

"Wafanye wao. Mimi sina maiti, sina kaburi. Na wewe kama umekuja kuimba, kaimbe kwako."

Nikaondoka nimenuna. Miezi miwili baadaye Harlin akaanza kurudi nyumbani.

Alikuja kila siku saa kumi alasiri, saa ambayo zamani alikuwa akitoka kuoga mtoni. Unasikia kandambili kwenye ngazi za nje, maana nyumba zetu zimesimama juu ya nguzo. Unaona alama za miguu yenye maji kwenye mbao, kutoka mlangoni mpaka jikoni. Kisha taulo lake jekundu, lililotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, unalikuta limelowa na linanuka mto. Ni hayo tu. Hakusema neno, hakuvunja sahani, hakumtokea mtu usoni. Siku ya kwanza niliyoyaona mwenyewe nilikuwa nimekwenda kuomba chumvi, nikaganda katikati ya sebule na kikombe mkononi.

"Mpishe," Delmira akasema, bila kuacha kumenya ndizi. "Anapita."

Nikampisha.

Miaka minne ilikuwa hivyo. Delmira alikamua taulo, akalianika, na kesho yake kabla ya saa kumi likawa limerudi msumarini. Alinenepa. Alicheka. Mtaa mzima ulijua, na waliopita mbele ya nyumba yake saa hiyo walipunguza redio. Mimi, nikiwa msimamizi wa misiba, nilijua kwamba si sawa, kwamba mtoto yule amenaswa kati ya huku na huko. Lakini nilimwona mwenzangu anakula na kulala, nikafunga mdomo. Laiti ningeendelea kuufunga.

Tobías alikuja mwaka wa tano, mwongozaji wa filamu kutoka mji mkuu, Bogotá, kijana mpole mwenye viatu vya kupandia mlima, ingawa hapa kwetu hakuna mlima. Alitukusanya kanisani akatueleza habari ya filamu yake. Ni mama mmoja, akasema, mwanawe amekufa, na mwanawe anarudi nyumbani, lakini kimya kimya, haogopeshi mtu.

Kanisa zima likamgeukia Delmira.

"Nani amekusimulia hayo, baba?" nikauliza.

"Hakuna, bibi. Nimeyabuni mwenyewe."

"Una akili sana," Pastora akasema. Pastora ndiye sauti yangu ya pili na ulimi wake hauna breki. Watu wakacheka, naye Tobías akashukuru, akidhani amesifiwa.

Alitaka nyumba yenye madirisha ya kutazama mto, na nyumba hiyo ilikuwa ya Delmira. Tulidhani atakataa. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kila siku saa kumi kasorobo watu wote watoke, wasirudi mpaka awaite. Tobías alidhani ana sala zake. Kwa hilo namshukuru, alilishika sharti bila kuhoji.

Constanza tulimfahamu wote kutoka kwenye tamthilia za televisheni, kule alikokuwa akizaba watu makofi kila siku ya Ijumaa. Ni mweusi kama sisi, mtu wa mji wa Cali. Tulitegemea kucha ndefu na manukato. Akashuka kwenye boti na begi moja, uso hauna poda, nywele amezifunga kwa kitambaa, akaomba alale kwa Delmira wiki tatu kabla kamera hazijafika. Alimenya ndizi, alipara samaki, alifua mtoni akiwa ameinama kama sisi mpaka mgongo ukamkataa.

"Bibi Nicasia," akaniuliza siku moja, "hapa mnalia vipi?"

"Kwa macho, mama. Kwenu mnatumia nini?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akamtazama Delmira aliyekuwa akianika taulo uani. Sijapata kuona mtu anayetazama namna ile. Delmira ana tabia yake, hagusi taulo kwa kiganja, analigusa kwa nyuma ya mkono, vile mama anavyompima mtoto homa. Wiki ya pili Constanza akawa analigusa hivyo hivyo. Hakuuliza kwa nini. Wiki ya tatu nilimkuta mtu amenipa mgongo jikoni, nikamwambia, "Mama Harlin, nimekuletea jibini," akageuka, kumbe ni mwigizaji.

"Samahani," akasema.

"Usiombe samahani. Kula jibini."

Delmira alimpenda. Alimwazima gauni lake la zambarau na kitambaa chake cha kichwa, ndivyo alivyovivaa kwenye filamu. Kwa taulo tu alikataa. Basi watu wa filamu wakaleta lao la buluu, na mwanamke wao wa vifaa akawa analinyunyizia maji kwa kichupa kila mara kabla ya kupigwa picha. Pastora alikaa akimtazama, akaniambia sikioni, "Ona, mzimu wao unatoka kwenye chupa." Nilicheka. Nilikuja kukikumbuka kichupa kile baadaye.

Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka ilipofika siku ya kaburi.

Katika hadithi ya Tobías, mama anakubali mwishowe kumuaga mwanawe. Kaburi linabomolewa, marehemu anaondoka, filamu inakwisha. Ilitakiwa iwe alfajiri, lakini mitambo yao ilipenda mchana, kwa hiyo saa nne asubuhi wakaziba madirisha yote ya Delmira na kibaraza cha mlangoni kwa vitambaa vizito vyeusi, wakawasha taa yao moja ya rangi ya mbalamwezi, na sebule ikawa usiku. Nje jua linawaka, watu wanauza samaki. Tuliingia waimbaji sita na nguo zetu nyeusi, tukaanza kutoka jasho hata kabla ya kufungua mdomo.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Nani?" Tobías akasema.

"Marehemu."

"Kwenye hadithi anaitwa Samuel."

"Samuel yupi?"

"Si mtu, bibi. Ni jina tu."

Nikamwambia kwamba wimbo wa msiba hauimbwi hewani. Lazima uwe wa mtu. Ukiimba bila mtu unafungua mlango bila kujua nani yuko nje. Na akitaka tumwimbie Samuel, Samuel tuliye naye hapa ni fundi wa mashine za boti, yuko hai, amekaa dukani kwa Eladio anakunywa pombe ya muwa.

"Tena ukimzika huyo, wake zake wawili watakushukuru," Pastora akasema.

Tobías akajaribu majina mengine. Kila alilolitaja lilikuwa na mwenyewe hapa mtaani, na Pastora alikuwa na neno la kila mmoja. Watu wa kamera walianza kutazama saa. Constanza alikaa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa gauni la Delmira, yumo ndani ya kazi yake.

Ndipo Delmira akatoa kichwa jikoni. Alikuwa akitupikia kahawa.

"Mwimbieni Harlin," akasema.

Nikaenda jikoni nikafunga mlango.

"Una wazimu?"

"Wazimu wa nini, Nicasia? Saa nne hii. Jua limekwisha panda. Nani amewahi kuondoka saa nne? Na anayeruhusu kuondoka ni mama mtu, na mama mtu yuko hapa anachuja kahawa. Harlin si mjinga, anajua sinema."

"Tuchague jina la mtu wa mto mwingine."

"Hutaki mwanangu aimbwe? Miaka minne umeninunia kwa sababu sikukuacha umwimbie. Haya, mwimbie."

Hapo ndipo nilipopaswa kukataa. Mimi ni mama yake wa ubatizo, na mimi ndiye ninayejua kazi hii. Ningesema hapana, filamu ingesubiri, Tobías angebuni jina lingine la mbali, basi. Lakini nilikuwa na miaka sitini na tisa, sauti yangu ilikuwa inaanza kukwaruza, na walikuwa wamenitundikia kinasa sauti kifuani. Nilitaka kusikika mpaka Bogotá. Ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka kusikika, na ili niimbe vizuri nilihitaji jina la mtu ninayempenda.

Tuliimba. Mara ya kwanza ikapita pikipiki. Mara ya pili akawika jogoo wa Eladio. Mara ya tatu Pastora alitazama kamera. Kila mara waliwasha mishumaa upya, wakarudisha shuka, wakamrudisha Harlin kaburini, na mimi nikamwita tena kwa jina. Mara ya nne na ya tano sikumbuki kilichoharibika. Mara ya sita hakikuharibika chochote.

Shuka ya mwisho ilitoka. Kipepeo akatoka. Tukajigawa pande mbili. Kwenye karatasi za Tobías mama alitakiwa asimame tu mlangoni atazame nje, asiseme kitu. Constanza alisimama pale. Mabega yake yalikuwa ya Delmira. Alinyoosha mkono, akaigusa hewa kwa nyuma ya vidole, mahali ambapo shavu la kijana mrefu lingekuwa. Kisha akasogea kando kupisha mlango, kitu ambacho hakuna aliyemwelekeza, akasema kwa sauti ya Delmira, ile ile ya chini inayotokea puani:

"Nenda sasa, mwanangu. Mama amechoka."

Mwali wa mshumaa ulio karibu na mlango ukalala upande mmoja. Madirisha na kibaraza vilikuwa vimezibwa na hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha unywele. Ukalala, ukakaa hivyo kwa muda wa mtu kupita, ukasimama tena. Tobías hakusema "Kata." Mpiga kamera alikuwa analia.

Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo. Delmira akapita katikati yetu, akampiga kikumbo Constanza, akatoka nje. Nikamfuata. Nje jua lilituchoma macho. Kwenye ngazi zilikuwepo alama za miguu yenye maji, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne zilikuwa zinashuka. Delmira akashuka nazo. Jua la Puerto Jagua halina huruma, zile za juu zilikuwa zimekauka kabla yeye hajafika katikati. Alipofika ngazi ya mwisho ilikuwa mbao kavu tu na vumbi.

"Harlin!" akaita. "Si mimi, baba! Huyo si mimi!"

Wauza samaki wakageuka. Nilimshika kiuno, akanisukuma.

Saa kumi kasorobo watu wote wakatoka, kama kawaida. Mimi nikabaki. Tulikaa jikoni wawili mpaka kiza kikaingia. Kandambili hazikusikika. Delmira aliinuka, akaligusa taulo kwa nyuma ya mkono, akalirudia mara ya pili. Lilikuwa kavu.

Watu wa filamu waliondoka wiki ile. Constanza alimkumbatia Delmira gatini, na Delmira alimwacha amkumbatie, mikono yake mwenyewe ikiwa imening'inia. Gauni la zambarau lilirudishwa, limefuliwa na kukunjwa. Hajalivaa tena.

Nilimtazama mwenzangu akipungua. Kila siku aliweka taulo msumarini kabla ya saa kumi na kila siku alilitoa kavu. Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kujitetea. Miezi ikapita. Siku moja sikuvumilia. Nilijua kwamba saa tisa anakwenda kuuza vitumbua vyake shuleni. Nikapanda ngazi kama mwizi, nikatumbukiza taulo la Harlin kwenye pipa lake la maji ya mvua, nikalikamua kidogo, nikalitundika, nikadondosha maji sakafuni kwa vidole, hatua kwa hatua, mpaka jikoni. Nikajificha nyuma ya pazia la chumba chake, mwanamke mzima wa miaka sabini.

Alikuja. Akaona maji sakafuni. Sikia, aliachia beseni, vitumbua vikatawanyika, akaenda mlangoni akiwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu siku ile, uso wa msichana. Nilifurahi. Nilijiambia nitakuwa nafanya hivi kila siku mpaka nife. Akaligusa taulo. Akalileta puani.

Akaligeuza, akalinusa upande wa pili.

"Nicasia," akasema, bila kugeuka. "Toka huko."

Nikatoka.

"Mwanangu alinuka mto. Hili linanuka pipa." Akalitoa msumarini, akalikunja mara nne. "Usinifanyie sinema, mwenzangu. Imetosha ile moja."

Filamu waliileta kutuonyesha mwaka uliofuata, ukumbi wa shule, saa tisa alasiri, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi vile vile. Ilikuwa imekwisha kupata tuzo nchi za mbali, na Constanza alikuwa amepata yake peke yake, ya uigizaji. Sikutegemea kwamba Delmira angekwenda. Alikuja na kiti chake kichwani, akakiweka mstari wa mbele, karibu na ukuta wenye saa ya shule.

Nitasema ukweli ingawa unanichoma. Ilikuwa filamu nzuri. Haikuwa na kelele wala damu. Mwanamke anamenya ndizi, anaanika taulo, anatazama mlango, na ukumbi mzima umebana pumzi. Pastora, ambaye hajawahi kunyamaza kanisani, alinyamaza. Watu waliolijua jambo lile miaka minne waliliona sasa kama ndiyo mara ya kwanza, wakamlilia mwanamke wa kwenye kitambaa, na Delmira ameketi mbele yao hakuna anayemtazama. Nami nilisikika. Sauti yangu ilijaa ukumbi, nzuri kuliko ilivyo, ikimwita Harlin, na nilitamani nizibe masikio.

Mshumaa ulipolala, watoto wa mbele wakaguta. Delmira aliinama mbele kidogo. Aliutazama ule mwali mpaka ukasimama wima, akaegemea kiti tena.

Taa zilipowashwa watu walipiga makofi wakiwa wamesimama. Constanza alikuja moja kwa moja kwa Delmira, amevaa vizuri safari hii, akapiga magoti mbele ya kiti chake, akamshika mikono yote miwili.

"Mama," akasema, "tuzo zote zile si kitu. Niliogopa wewe tu. Niambie, nimefanya vizuri?"

"Umefanya vizuri, mwanangu," Delmira akasema. "Hata Harlin alidhani ni mimi."

Constanza aliangua kilio. Alilia na kucheka, akaibusu mikono ya Delmira, akatugeukia sisi tuliokuwa karibu. "Mmesikia? Mmesikia alichosema? Sijawahi kupewa sifa kama hii. Tangu nizaliwe."

"Sikukusifu," Delmira akasema.

Alilisema polepole, bila hasira, kama anavyomwambia mtu ndizi hazijaiva. Constanza akabaki amepiga magoti, mdomo wazi, machozi yakiendelea kushuka. Nadhani alielewa. Sina hakika. Watu walikuwa wanamvuta ili wapige naye picha.

Delmira akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa kumi na dakika ishirini. Akachukua kiti chake, akakiweka kichwani, akatoka, nami nikamfuata kwa nyuma kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Hakupanda ndani. Aliketi kwenye ngazi ya mwisho, ile ya chini kabisa, akaweka kiganja chake kwenye mbao.

Nikaketi pembeni yake. Hakunifukuza, wala hakunisogelea. Tulikaa pale mpaka watu wa filamu walipomaliza kufungasha na boti yao ikapita mbele yetu kuteremka mto, na Constanza, amesimama nyuma ya boti, akapunga mkono. Mimi nilimpungia. Delmira alikuwa anatazama maji.